Kipupwe cha Corolla ya baba

Najua nimepotea wiki tatu nzima bila kuandika kitu, mpaka rafiki yangu mmoja wa Mabibo hosteli akaanza kutangaza kwamba nimedisko. Sijadisko bwana! Nilikuwa nyumbani Tandika, na huko yamenikuta mambo ambayo leo nataka niyaandike kirefu. Kama una haraka ya daladala basi isome kesho, maana hii ni ndefu.

Chanzo ni mwalimu wetu wa semina. Alitupa kazi moja ambayo mwanzoni niliiona ya kitoto: chagua kitu kimoja cha nyumbani kwenu, halafu andika historia ya dunia kwa kuanzia kwenye kitu hicho. Wenzangu wakawahi vitu vizuri vyote. Mmoja kanga, mwingine baiskeli, mwingine redio ya marehemu babu yake. Mie nikarudi Tandika mikono mitupu, kichwani hamna kitu. Nikakuta AC ya gari la baba imekufa.

Kwa wale wasiojua, baba yangu ni dereva teksi. Si zile za kuita kwenye simu, ni teksi ya kijiweni, Corolla nyeupe ya mwaka 1993 ambayo imenisomesha tangu chekechea. Uber ilipoingia Dar mwaka 2016, na wengine wakafuata, abiria wengi wa kijiweni walihama. Waliobaki wakaja na swali ambalo zamani hakuna aliyeliuliza: "Mzee, AC ipo?" Zamani ulikuwa unashusha vioo tu, unapata upepo na vumbi la Barabara ya Kilwa kwa pamoja, maisha yanaendelea.

Baba ana mteja mmoja wa kudumu, mama mtu mzima wa Mbagala mwenye matatizo ya figo. Mara tatu kwa wiki anampeleka hospitali kusafishwa damu, anamsubiri, anamrudisha. Kwetu sisi huo ndio mshahara. Petroli, umeme, na kile kipande cha ada ambacho Bodi hawakunipa, vyote vinatoka kwenye safari zile. Sasa mwezi wa pili Dar mnaujua. Kipimajoto kinaweza kusema nyuzi 32 au 33, lakini kwa ule unyevu wa bahari unahisi kama umefunikwa blanketi lililoloa. Siku moja foleni ya Mtoni ilisimama, mama wa watu akaanza kuona kizunguzungu kwenye kiti cha nyuma. Jioni mwanawe akapiga simu, kwa adabu kabisa: "Mzee wangu, hatuna ubaya na wewe, ila kama AC haitatengenezwa wiki hii itabidi tutafute gari lingine."

Kesho yake asubuhi nikaongozana na baba kwa fundi.

Huyu fundi ni mzee wa makamo, gereji yake ipo chini ya mwarobaini, hana bango wala ukuta. Ana mitungi miwili mitatu, geji zake zenye mipira ya bluu na nyekundu, na mashine moja ndogo ya kuvuta hewa anayoilinda kama mtoto. Nikamwamkia, akaitikia, akafungua boneti. Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa mwaka wa gari. Baba akajibu tisini na tatu. Fundi akaguna. "Mwaka mbaya huo kwa gesi. Magari ya miaka ile mengine yana gesi ya zamani, mengine gesi mpya. Usipojua unaua kompresa."

Akanionyesha midomo ya kujazia gesi kwenye mipaipu. Gesi ya zamani, R12, mdomo wake una uzi wa kufungia kama bolti. Gesi mpya, R134a, mdomo wake ni mnene na laini, unachomeka tu unasikia *taka!* Viwanda vilifanya hivyo makusudi ili mtu asichanganye. La baba lilizaliwa na uzi, ila zamani mtu alishalivalisha midomo mipya juu yake. "Hili lilishabadilishwa," akasema. Akachomeka geji, akabonyeza kidogo kusikia kilichobaki ndani.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Ilitoka harufu. Wote tulioishi na mtungi jikoni tunaijua, ile harufu ya kitunguu kilichooza inayokuambia hujafunga vizuri. Fundi akachomoa mkono kama aliyeungua, akampigia kelele kijana wa jirani aliyekuwa anachomelea geti azime mashine, kisha akatuambia tusukume gari mpaka kiwanjani, mbali na moto. Hakuna kuwasha hata taa.

Tulipofika kiwanjani akamgeukia baba. "Mzee mwenzangu, nani alikujazia gesi ya jikoni humu?"

Baba hakumjibu. Mie ndio nikaanza kukumbuka. Mwaka jana AC ilikufa, halafu ndani ya siku mbili ikafufuka, na baba akasema kuna kijana kamsaidia kwa Sh. 25,000 tu. Nikakumbuka siku mama alipolalamika kwamba gari linanuka jikoni, baba akamwambia ni sufuria aliyoipakata. Nikakumbuka pia kwamba wiki ileile nilipiga simu kutoka Mlimani kulia kwamba bila ada nisingefanya mitihani, na hela ikaingia kwenye simu yangu usiku.

"Ilikuwa wiki ya ada," baba akasema. Alikuwa anaongea na fundi, lakini alikuwa anaangalia tairi.

Sikujua niangalie wapi. Mwaka mzima yule mama wa figo alikaa ndani ya gari lenye gesi ya kupikia kwenye mipaipu, na mtoto wa chuo anaandika blogu.

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini ni hatari, maana wapo watakaosema mbona inapoza. Ndiyo, inapoza, na hiyo ndiyo tabu yake! Gesi ya mtungi ni propani na butani, na kwa presha hazipishani sana na ile R12, kwa hiyo AC ya zamani inazipokea bila kulalamika. Hata friji nyingi mpya za majumbani siku hizi zinatumia gesi ya jamii hiyo. Lakini friji ina gramu chache tu, na mipaipu yake imechomelewa kiwandani. Gari lina mamia ya gramu, mipira iliyochoka, na mtikisiko wa barabara zetu. Halafu kile kipande kinachotoa baridi, evapareta, kimekaa ndani ya dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Kikivuja vioo vikiwa vimefungwa, cheche moja inatosha. Marekani walishapiga marufuku tangu miaka ya 1990 kuijaza gesi inayowaka kwenye AC za magari zilizotengenezewa R12.

Fundi akaitoa ile gesi polepole pale kiwanjani, upepo ukaichukua. Tukasubiri sana ndipo tukarudisha gari chini ya mwarobaini. Akafungua mipaipu, akatoa pete za mpira zilizokuwa ngumu kama kucha, akatoa na lile chujio la kukausha maji, mafundi wanaliita draya. Baba akaenda Kariakoo kununua draya mpya na pete. Alivyorudi vikafungwa, mafuta ya kompresa yakawekwa, halafu fundi akaunganisha mashine ya kuvuta hewa, akaangalia saa. "Hapa dakika arobaini na tano, na sifungi mapema hata uniite nani. Hewa ikibaki ndani ina maji. Maji yakikutana na gesi yanazaa tindikali, tindikali inakula chuma. Au yanaganda kwenye kitundu chembamba gesi inapopita, AC inapoza dakika kumi halafu inakata."

Hizo dakika arobaini na tano ndizo zilizonipa mada ya semina. Fundi alikuwa anasimulia ya kwake, mie naunganisha na ya vitabuni, na nyingine nilikuja kuzisoma baadaye huku Mlimani. Haya twende.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini friji zilikuwa zinatumia amonia, dioksidi ya salfa au kloridi ya methili. Zote zinapoza na zote ni sumu, na miaka ya 1920 huko Marekani zilipovuja ziliua watu majumbani. Mwaka 1928 mkemia Thomas Midgley na wenzake, wakifanya kazi chini ya General Motors, wakatengeneza gesi isiyowaka, isiyonuka, isiyoua. Mwaka 1930 alisimama mbele ya wakemia wenzake, akaivuta mapafuni, akaipuliza kwenye mshumaa, mshumaa ukazimika. Kila mtu akapiga makofi. Hiyo ndiyo iliyozaa R12, ambayo watu wengi waliijua kwa jina la Freon. (Midgley huyuhuyu ndiye aliyegundua mwaka 1921 kwamba risasi ikitiwa kwenye petroli injini inaacha kugonga. Petroli hiyo ya risasi nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006. Yaani mtu mmoja, asiyewahi kusikia Tandika, katuachia vitu viwili ndani ya gari moja!) Kampuni ya Packard ikatoa magari ya kwanza yenye AC ya kiwandani kwa toleo la mwaka 1940. Mashine ilijaza buti, na kuizima ilibidi ushuke ukatoe mkanda.

Huku kwetu hayo yalikuwa ndoto. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 gari binafsi lilikuwa si kitu cha kujivunia hadharani, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka kabisa. Hata sabuni ilikuwa ya foleni, nani angeagiza gari? Fundi wetu alianzia kazi Kinondoni miaka ya themanini, na anasema miaka ile alikuwa hatengenezi magari. Alikuwa anatengeneza majokofu ya mabucha na ya vinywaji, nayo yalikuwa yanatumia R12 ileile. "Gesi ikivuja tunaiacha ivuje. Haiumi, hainuki. Tulikuwa tunaitumia hata kupulizia vumbi." Alicheka aliposema hivyo, halafu akanyamaza.

Mlango ulifunguliwa kwa bajeti ya mwaka 1984, Cleopa Msuya akiwa waziri wa fedha. Mtu mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa kazitoa wapi. Mwaka 1985 akaingia Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, na ruksa ikawa ruksa kweli. Hapo ndipo mtumba ulipoanza kumiminika, nguo kwanza, halafu magari. Magari ya Kijapani yalitufaa kwa sababu Japani nao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani upo kulia. Wao wana ukaguzi wa lazima wa magari ambao ni ghali, kwa hiyo wengi huona heri kuuza gari lingali zima.

Sasa sikilizeni jambo hili, mie ndilo lililonishtua. AC haikuja Tanzania kwa sababu tuliitaka. Majira ya joto ya Japani ni makali na yana unyevu kama wa kwetu, kwa hiyo Corolla, Carina na Mark II za kwao zilikuwa zinakuja na AC tayari. Baba aliponunua ya kwake alikuwa anatafuta injini nzuri na bei nafuu. Kipupwe kilikuja kama nyongeza, kama muuza mchicha anavyokuongezea nyanya moja.

Kumbe ile nyongeza ilikuwa imeshahukumiwa. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wanakemia wa California, waliandika kwamba gesi hizi kwa kuwa haziharibiki huku chini, zinapanda mpaka juu kabisa, huko jua linazivunja na klorini yake inaila ozoni, ile ngao inayotukinga na miale mikali. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu molekuli za ozoni zinazofikia laki moja. Viwanda vikawabeza. Mwaka 1985 wanasayansi watatu wa Uingereza, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, wakatangaza kwamba juu ya Antaktika ozoni inapungua vibaya kila majira ya kuchipua ya huko. Hapo dunia ikaamka. Tarehe 16 Septemba 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1995.

Angalieni tarehe hizo kwa makini. Wao wanatia saini 1987, sisi ndio kwanza tunafungua mlango wa mitumba. Tanzania ikajiunga na mkataba mwaka 1993, mwaka uleule Corolla ya baba inatoka kiwandani, na ndani imejazwa gesi ambayo dunia imeshakubaliana kuiacha. Nchi tajiri zikaacha kuitengeneza kwa matumizi yao ilipofika 1 Januari 1996. Nchi kama zetu zilipewa muda zaidi: kutozidisha kuanzia 1999, kupunguza nusu ifikapo 2005, asilimia 85 ifikapo 2007, na kuacha kabisa 1 Januari 2010. Ukasimamishwa na mfuko wa kimataifa, ulioanza kazi 1991, wa kuzisaidia nchi zetu zigeuke, pamoja na mafunzo kwa mafundi.

Kwenye makaratasi ni mpango mzuri, na kwa kweli umefanikiwa. Ila mie nilimuuliza fundi: wewe ulijuaje kwamba gesi inabadilika? Akasema hakuambiwa na mtu. Alijua siku alipofungua boneti ya gari lililoshuka bandarini, akakuta mdomo usioingiliana na mpira wake. Baadaye ndiyo akasikia kuna semina, wakati huo alishaua kompresa mbili za watu kwa kuchanganya mafuta. Maana gesi ya zamani inasafiri na mafuta ya madini, gesi mpya haipatani nayo, inataka mafuta yake. Ukikosea, kompresa inazunguka kavu mpaka inakwama. Aliyelipa kompresa zile ni yeye, kwa mafungu.

Hapo nikaelewa kitu. Darasani tunajifunza kwamba mkataba unatekelezwa na serikali. Waliobadilisha gesi ya Dar es Salaam, gari moja baada ya jingine, walikuwa watu wenye bisibisi chini ya miti, Kinondoni, Temeke, Ilala. Na kila gari kuukuu lililobadilishwa, bili ilikwenda kwa mwenye gari: draya, pete, mafuta, gesi. Aliyetengeneza gesi mbaya hakulipa, aliyeuza gari lake Japani hakulipa. Ilishuka, ilishuka, mpaka ikamfikia dereva teksi wa Tandika katika wiki ya ada. Na bili ikimfika mtu asiyeweza kuilipa haipotei. Inageuka mtungi wa jikoni.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamejazwa gesi bandia huko Vietnam, gesi iliyochanganywa na ile kloridi ya methili ya zamani, yalilipuka na kuua mafundi, Vietnam na mpaka Brazil. Sumu ya miaka ya 1920 ilirudi kupitia mlango wa bei rahisi.

Saa ya fundi ikafika. Akafunga geji, akazima mashine, akasubiri tena robo saa kuona kama mshale utarudi. Haukurudi. Akaweka mtungi wa R134a juu ya mizani, akaanza kujaza huku anasoma namba. "Wengi wanajaza kwa kuangalia povu kwenye kioo cha draya. Hiyo ilikuwa ya gesi ya zamani. Hii pima. Gari lililozaliwa na R12 usilijaze mpaka kipimo chake chote, acha kama moja ya kumi au zaidi kidogo." Akafunga kwenye gramu 600. Akamwaga maji kwenye kondensa kutoa udongo wa miaka, akahakikisha feni inazunguka, akatuagiza mambo matatu ambayo nayaandika hapa kwa faida ya wote wenye magari ya umri huu:

Kwanza, washa AC dakika chache kila wiki hata kama kuna mvua, maana mafuta yanatembea na gesi na ndiyo yanayolainisha pete. Pili, gesi haiishi kwa kutumika kama petroli, ikiisha ujue imevuja, kwa hiyo fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakuuzia gesi hiyohiyo kila baada ya miezi michache. Tatu, muulize anajaza nini na akuonyeshe mtungi.

Kipimajoto chake alichokichomeka kwenye tundu la dashibodi kilishuka mpaka nyuzi 9. Baba akafunga vioo, akakaa kimya na mikono kwenye usukani. Jumla ikawa Sh. 190,000. Baba alikuwa na laki moja na ishirini. Iliyobaki nilitoa mie kwenye bumu, na wiki mbili hizi nimekula maharage ya kafeteria bila nyama. Silalamiki.

Nilitamani hadithi iishe hapo ila haiishi. Hiyo R134a ambayo tumeilipia haili ozoni, lakini inashika joto: kilo moja yake, kwa hesabu ya miaka mia, ni kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa. (R12 ilikuwa mbaya zaidi, kama 10,900.) Kwa hiyo tarehe 15 Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, nchi zilikubaliana kuzipunguza na hizi pia. Ulaya magari madogo mapya yalishaiacha tangu 2017, mengi yanatumia nyingine, R1234yf, ambayo ni ghali na inawaka kidogo. Magari hayo yatakuwa mitumba, yatashuka bandarini kwetu, na siku moja fundi wetu au mwanafunzi wake atafungua boneti akute mdomo asioujua. Nilipomwambia hivyo akauliza swali moja tu: "Safari hii watatuambia mapema?"

Ila nisiwaache na huzuni. Ripoti ya wanasayansi wa Umoja wa Mataifa iliyotoka Januari 2023 inasema ozoni inapona. Kwa sehemu kubwa ya dunia itarudi ilivyokuwa 1980 ifikapo kama mwaka 2040, na Antaktika ifikapo kama 2066. R12 inakaa angani karibu miaka mia, kwa hiyo ile ambayo fundi aliipulizia vumbi Kinondoni nyingi bado ipo juu huko. Lakini haiongezwi tena kama zamani. Na yeye ni mmojawapo wa walioacha kuiongeza, ingawa hayumo kwenye ripoti. Nimemweka kwenye karatasi yangu ya semina.

Jumatatu ile baba alikwenda Mbagala kama kawaida. Kabla hajampakia yule mama alimwambia mwanawe ukweli wote, gesi ya jikoni na kila kitu. Mie nilimshauri asiseme. Alisema angeshindwa kumuangalia kwenye kioo. Yule kijana alinyamaza muda mrefu, akakagua risiti ya draya, akamfungulia mama yake mlango wa nyuma. Safari zinaendelea mpaka leo. Baba akiwa peke yake anazima AC na kushusha vioo, anasema inakula mafuta.

Haya, niishie hapa, kesho asubuhi nakabidhi kazi na bado sijaichapa yote. Mwenye baba au mjomba mwenye gari la miaka ya tisini amuulize leo: humo ndani kuna gesi gani? Tuko pamoja.